Gesi ya Amonia: Faida Zake, Hatari Zake, na Jinsi ya Kuitunza

Hapana shaka wengi wenu mmekwisha kuisikia harufu ya amonia, hata kama jina lake hamkulijua. Ni ile harufu kali impigayo mtu puani aingiapo asubuhi katika zizi, au katika banda la kuku lisilosafishwa siku nyingi, hata macho yakatoka machozi. Harufu hiyo yatokana na mkojo na samadi vinapooza. Bandani gesi hiyo huwa ni kidogo tu, na dawa yake ni kufungua madirisha na kuondoa uchafu. Lakini gesi hiyo hiyo, ikishindiliwa katika mitungi na matangi ya chuma kwa kazi za viwanda, ni kitu kingine kabisa. Huwapa watu chakula na kuwahifadhia nyama na maziwa yao, na wakiipuuza yaweza kuua mamia kwa muda wa dakika chache.

Leo twataka kuieleza gesi hii kwa faida ya watu wa namna tatu: wale wanaofanya kazi katika viwanda vyenye mashine kubwa za baridi, makarani wanaoandika na kupima mizigo iingiapo na kutoka, na wananchi ambao kazi yao si ya viwanda, lakini hukaa jirani navyo au husafiri katika barabara zipitazo magari ya matangi.

AMONIA NI KITU GANI?

Amonia ni gesi isiyo na rangi, iliyofanywa kwa vitu viwili vilivyoungana, nitrojini na haidrojeni. Nitrojini ni ile iliyojaa katika hewa tunayovuta. Katika kila sehemu 100 za hewa, sehemu 78 ni nitrojini. Mimea yote huihitaji ili ikue, lakini mingi haiwezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani. Kwa hiyo shamba laweza kuwa limezungukwa na nitrojini tele, na mahindi yakawa manjano kwa kuikosa.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Ujerumani, Fritz Haber, alifaulu kuiunganisha nitrojini ya hewa na haidrojeni kwa joto kali na shinikizo kubwa, akapata amonia. Mwenzake, Carl Bosch, aliigeuza kazi hiyo ya chumba cha majaribio ikawa kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi huko Oppau, Ujerumani. Tangu hapo mbolea nyingi ya chumvichumvi duniani imetokana na njia hiyo. Mkulima anaponunua gunia la CAN, la urea, la DAP au la salfeti ya amonia, yeye hununua kazi iliyoanzia katika amonia.

Hapa yafaa tumwondolee mkulima hofu. Mbolea iliyomo guniani si gesi tena, bali ni chumvi kavu, wala haitamdhuru kama gesi ya mtungini. Ila akumbuke jambo moja. Asichanganye mbolea ya amonia na chokaa wala na majivu kabla ya kuitia shambani. Vitu hivyo huifungua amonia kutoka katika chumvi yake, ikapaa hewani. Mtu akichanganya hivyo ataisikia harufu mara moja, na harufu hiyo ni fedha yake inayopotea.

Kazi ya pili ya amonia ni kuleta baridi. Amonia ikigeuzwa kuwa maji kwa shinikizo, kisha ikaachwa huru, huchemka hata katika baridi ya digrii 33 chini ya sifuri. Katika kuchemka hufyonza joto jingi kutoka katika kila kitu kilicho karibu nayo. Katika miaka ya 1870 Mjerumani mwingine, Carl von Linde, aliitumia tabia hiyo kutengeneza mashine za baridi, na hata leo viwanda vikubwa vya maziwa, nyama, samaki, bia na barafu hutumia amonia. Friji nyingi za nyumbani hutumia gesi nyingine, na matangi madogo ya kupozea maziwa katika vyama vya ushirika mara nyingi huwa hivyo hivyo. Basi asije mtu akaikimbia friji yake kwa sababu ya maneno ya leo.

KWA NINI NI HATARI?

Hatari za amonia ni nne, nasi tutazieleza moja moja, kwa kuwa mtu asiyejua sababu ya amri huivunja upesi.

Ya kwanza ni shinikizo. Ndani ya mtungi au tangi, sehemu kubwa ya amonia huwa ni maji, na juu yake kuna mvuke. Siku yenye joto la digrii 20, mvuke huo husukuma kuta za chuma kwa nguvu ipatayo mara 8 ya ile ya hewa yetu ya kawaida. Joto likifika digrii 30, nguvu hiyo hupita mara 11. Lita moja ya amonia ya maji ikitoka nje yaweza kuwa lita 800 na zaidi za gesi. Tena amonia ya maji hutanuka ikipata joto. Ndiyo maana tangi halijazwi mpaka juu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutopita sehemu 85 katika 100, ili ipatikane nafasi ya kutanukia. Tangi lililojaa pomoni, likianikwa juani, halina pa kupumulia.

Ya pili ni uroho wake wa maji. Amonia hupenda maji kupita kiasi, na lita moja tu ya maji yaweza kumeza mamia ya lita za gesi hii. Katika mwili wa mtu, mahali penye unyevu ni macho, pua, koo na mapafu, na huko ndiko gesi hukimbilia. Ikikutana na unyevu hugeuka dawa kali mfano wa magadi makali mno, ikachoma nyama. Jicho laweza kupofuka. Koo laweza kuvimba hata likafunga njia ya pumzi. Mapafu yaweza kujaa maji, mtu akafa kwa kukosa hewa ilhali hewa imemzunguka.

Ya tatu ni baridi. Amonia ya maji ikimrukia mtu humgandisha na kumchoma kwa wakati mmoja. Nguo zake hushikamana na ngozi kwa barafu.

Ya nne ni moto. Wengi hudhani amonia haiwaki. Mahali palipo wazi ni vigumu kuiwasha, lakini ndani ya chumba kilichofungwa, gesi ikifika sehemu 15 hadi 28 katika kila 100 za hewa, cheche moja yaweza kuilipua. Mafuta ya mashine yakichanganyika nayo, hatari huzidi.

Juu ya hayo kuna jambo linalowadanganya hata wenye elimu. Vitabu husema kwamba amonia ni nyepesi kuliko hewa, na kweli ndivyo ilivyo ikiwa gesi tupu. Lakini ikitoka kwa wingi kutoka katika tangi, hutoka pamoja na matone madogo yenye baridi kali, ikawa kama ukungu mweupe mzito. Ukungu huo haupai. Hutambaa chini, ukafuata mabonde na mitaro, ukaingia majumbani kwa milango. Mtu asiseme, "Itapaa yenyewe," akakaa pale pale.

Kwa bahati njema, amonia yenyewe hutoa habari. Pua ya mtu huweza kuisikia ingali kidogo sana, sehemu chache tu katika milioni moja za hewa. Wataalamu huweka mpaka wa sehemu 25 katika milioni kwa mtu anayefanya kazi siku nzima. Ikifika 300 katika milioni, mahali hapo ni pa kukimbiwa mara moja, na ikifika 5,000 yaweza kuua upesi. Lakini pua huzoea. Mfanyakazi aliyekaa saa nyingi katika harufu ndogo huacha kuisikia, akadhani imekwisha. Kwa hiyo mgeni akiingia chumbani na kusema, "Mbona hapa pananuka?" asichekwe. Pua yake ni nzima kuliko za wenyeji.

MAMBO YALIYOTOKEA POTCHEFSTROOM NA DAKAR

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na katika bara letu la Afrika ulimwengu umekwisha kufundisha mara mbili kwa ukali.

Tarehe 13 Julai 1973, katika kiwanda cha mbolea mjini Potchefstroom, Afrika Kusini, tangi moja kubwa la amonia lilipasuka kichwani mwake, yaani katika ile sehemu ya duara inayoziba mwisho wa tangi. Halikupasuka kidogo kidogo. Kipande cha chuma kilikatika ghafula kama kigae. Tani 38 za amonia zikatoka. Hewa ilikuwa tulivu, na wingu jeupe likasimama juu ya kiwanda, upana wake kama mita 150 na kimo chake kama mita 20, kisha upepo mdogo ukalisukuma. Watu 18 walikufa, na baadhi yao walikuwa nje ya ua wa kiwanda, hawana kazi yoyote na amonia.

Wachunguzi waliona kwamba tangi lilikuwa limetengenezwa kwa kuchomelewa, lakini chuma hakikupashwa moto tena baada ya kazi hiyo ili kitulizwe. Jambo hili lahitaji maelezo. Fundi anapochomelea chuma kinene, sehemu iliyoyeyuka hupoa na kujikunja, ikavuta chuma kilicho pembeni. Kwa macho kiraka chaonekana kizuri, lakini ndani mna mvutano kama wa kamba iliyokazwa mno. Chuma cha namna hiyo huwa kikavu, tena amonia yenyewe huweza kukitia nyufa ndogo zisizoonekana. Dawa yake ni kulipasha tangi moto wa kipimo, kisha kuliacha lipoe polepole, mvutano ule ulegee. Kazi hiyo ina gharama na huchukua muda, na ndiyo watu wanayoiruka.

Jambo la pili la kukumbuka katika habari hiyo ni hili. Katika jengo moja lililokuwa karibu mno na tangi, watu walifunga madirisha na milango, wakajifunika nyuso kwa nguo zilizoloweshwa maji, wakangoja mpaka walipotolewa. Waliokoka, ilhali wengine waliokuwa nje katika ukungu walikufa.

Miaka 19 baadaye, tarehe 24 Machi 1992, msiba mkubwa zaidi ulitokea Dakar, mji mkuu wa Senegal, katika kiwanda cha mafuta ya karanga. Mkulima ataka kujua, amonia na karanga vyahusianaje? Karanga zisipokaushwa vizuri hupata ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mashudu ya karanga hizo hayafai kulishwa ng'ombe, wala wanunuzi wa Ulaya hawayapokei. Kiwanda kile kilitumia amonia kuiua sumu hiyo katika mashudu. Hivyo amonia ililetwa Dakar kwa ajili ya zao la mkulima.

Ililetwa kwa gari la tangi. Tangi hilo lilistahili kubeba chini ya tani 18, lakini siku hiyo lilikuwa na tani 22 hivi, wala haikuwa mara yake ya kwanza kujazwa kupita kiasi. Tena lilikuwa limekwisha kutiwa kiraka cha kuchomelewa. Likiwa kiwandani lilipasuka, na vipande vyake vikatupwa mbali, na ukungu ukaenea katika kiwanda na katika nyumba na migahawa ya jirani. Watu 129 walikufa, na zaidi ya 1,100 waliumia. Wengi hawakufa siku ile. Walipelekwa hospitali wakiwa hai, wakafa siku na majuma yaliyofuata kwa ajili ya mapafu yao yaliyoungua.

Zitazameni habari hizi mbili kwa pamoja. Huko na huko kilichoshindwa ni chuma kilichochomelewa pasipo kutulizwa, na huko Dakar uzito uliopita kipimo uliongezwa juu yake. Hakuna aliyetaka kuua. Palikuwa na mtu aliyetaka kuokoa gharama ya kutuliza chuma, na mwingine aliyetaka kuokoa safari moja ya gari.

KARANI NA MIZANI

Kwa sababu hiyo twapenda kusema neno na makarani. Watu wengi huona kwamba usalama wa gesi ni kazi ya fundi mwenye spana. Lakini nani aliyeweza kuuzuia msiba wa Dakar kwa wepisi kuliko wote? Ni mtu wa mizani. Uzito wa gari likiwa tupu wajulikana. Uzito uliokubaliwa umeandikwa. Kutoa na kujumlisha ni hesabu ya shule ya msingi. Karani akiona tani 22 mahali pa tani 18, na akakataa kutia sahihi, amefanya kazi ya daktari mia.

Basi karani anayepokea au kutoa mitungi au matangi na aangalie mambo haya: jina la gesi limeandikwa, si kwa chaki bali kwa rangi isiyofutika, nambari ya kimataifa ya amonia ya shinikizo, 1005, ipo, tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa tangi haijapita, uzito haukuzidi, na kama tangi liliwahi kutengenezwa, cheti chasema nani alichomelea na kama chuma kilitulizwa. Hati isipokuwapo, mzigo usipokewe. Mkubwa akikasirika, karani ajibu kwa adabu kwamba ataupokea mara hati itakapoletwa. Hasira za mkubwa hupoa kabla ya jioni.

KANUNI KWA WANAOISHIKA KAZINI

1. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa mnyororo ukutani, na kifuniko cha koki kiwe juu yake usipotumika. Usiviringishwe kama pipa, wala usiangushwe kutoka garini. Uwekwe kivulini, mahali penye hewa, mbali na moto. Mtungi ulioganda usipashwe kwa moto kamwe.

2. Koki ifunguliwe polepole, kwa mkono, nawe umesimama kando wala si mbele yake. Koki ikikataa, usiipige nyundo. Mwite mwenye ujuzi.

3. Mabomba na koki ziwe za chuma. Shaba nyekundu, shaba ya manjano na zinki huliwa na amonia. Fundi anayechomoa koki ya chuma na kutia ya shaba kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, ametega mtego.

4. Usifunge koki mbili za bomba moja na kuiacha amonia ya maji katikati pasipo njia ya kutokea. Bomba likipata joto, maji hayo yatatanuka na kulipasua. Ajali nyingi za viwanda vya baridi zimeanzia hapo.

5. Kumwaga mafuta kutoka katika mashine ya baridi ndiyo kazi iliyowaua mafundi wengi. Mafuta hukusanyika chini ya vyombo, nayo lazima yatolewe. Lakini nyuma ya mafuta hufuata amonia. Koki ya kazi hiyo iwe ya namna inayojifunga yenyewe mkono ukiondoka. Fundi asiifunge kwa waya ibaki wazi, wala asiende kuvuta sigara huku mafuta yakitiririka. Na asiifanye kazi hiyo peke yake.

6. Avae miwani inayofunika macho pande zote, na glavu za mpira. Kinyago chenye kichujio cha amonia ni cha kukimbilia nje tu, au cha harufu ndogo. Mahali penye ukungu mzito hakifai; pahitaji chombo chenye mtungi wake wa hewa safi, na mtu aliyefunzwa kukitumia.

7. Kila mahali pa kazi pawe na maji ya kuoshea macho na bomba la mvua la kuogea, karibu kiasi cha kufikiwa na mtu aliyefumba macho. Maji hayo yajaribiwe kila juma. Bomba lisilotoa maji ni pambo la ukutani.

8. Maji ya amonia ya kusafishia nyumba yasichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi nyingine yenye sumu, na akina mama wa nyumbani na watumishi wa hoteli waonywe.

GESI IKITOKA

Usingoje kuona kama itakoma. Piga kelele, toka, na uwaambie wengine. Tazama bendera, moshi au majani ya miti ujue upepo waelekea wapi, kisha ukimbie kwa kukata upepo ubavuni mpaka utoke njiani mwa ukungu, halafu upande juu dhidi ya upepo. Usikimbie mbele ya ukungu, kwa kuwa utakufuata. Usiende bondeni.

Ukiwa umekwisha kuzungukwa, na nyumba i karibu, ingia ndani. Funga milango na madirisha, ziba nyufa kwa nguo zilizoloweshwa, jifunike pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji, ukae hapo mpaka wazima moto wakuambie utoke. Kitambaa hicho si kinga kamili, lakini maji huikamata sehemu ya gesi kabla haijafika mapafuni, nako ndiko kulikowaokoa wale wa Potchefstroom.

Usimwage maji juu ya dimbwi la amonia ya maji. Maji ni ya moto kwake. Yatalichemsha na kuzidisha ukungu. Wazima moto hurusha maji kama manyunyu juu ya ukungu ulio hewani, nao hujua kipimo chake.

Na gari la tangi likipinduka barabarani, msilikaribie. Tunalisema hili kwa uchungu. Mwezi Januari mwaka 2009 huko Sachangwan, karibu na Molo, watu zaidi ya 100 waliteketea walipokusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Petroli huua ikipata moto. Amonia haihitaji hata moto. Humwua mtu kwa kusimama tu akitazama. Gari likiwa na mvuke mweupe unaotambaa chini, wazazi wawaondoe watoto, dereva wa matatu ageuze gari, na mtu mmoja apige simu kwa polisi akiwa mbali.

KUMSAIDIA ALIYEUMIA

Jambo gumu kuliko yote ni kumwona mwenzako ameanguka ndani, nawe usiingie. Lakini katika misiba ya gesi, mara nyingi wa pili na wa tatu kufa ni wale waliokimbilia kumwokoa wa kwanza. Asiye na chombo cha hewa asiingie. Kuingia kwake hakumwokoi mwenzake. Humwongezea mwokozi mzigo.

Akisha kutolewa mahali penye hewa safi, macho yake yaoshwe kwa maji mengi safi, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa dakika zisizopungua 15. Dakika 15 ni nyingi mtu anapolia kwa uchungu. Tumieni saa, msikisie. Ngozi nayo ioshwe vivyo hivyo. Nguo zilizogandamana na ngozi zisivutwe. Zimiminiwe maji mpaka zilegee, ndipo zivuliwe. Msipake mafuta, siagi, wala dawa ya meno. Aliyemeza asitapishwe.

Kisha apelekwe hospitali, hata akisema kwamba yu mzima. Mapafu yaliyoguswa na amonia huweza kuvimba saa nyingi baadaye, na mtu aliyerudi nyumbani akila na kucheka akashindwa kupumua usiku. Mwambieni daktari jina la gesi, si "alivuta moshi" tu.

HAKI NA WAJIBU

Katika Kenya iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo humtaka mwajiri kuweka mahali pa kazi pasipo hatari, kuwafundisha watu wake, na kuwapa vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Naye mfanyakazi ana wajibu wa kuvivaa vifaa alivyopewa, na wa kumwarifu msimamizi wake mara aonapo hatari. Kinyago kilichotundikwa msumarini hakimsaidii mtu aliyeanguka hatua kumi kutoka hapo.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa tangi la amonia twaongeza kwamba ufa wake hauzibwi na fundi yeyote apitaye na mashine ya kuchomelea. Likipata ufa litolewe kazini, liondolewe gesi yote, lichunguzwe na mwenye cheti, litengenezwe na litulizwe kwa kanuni. Na kama gharama ni kubwa mno, likatwe liuzwe chuma chakavu. Wewe mfanyakazi, ukiona kiraka kipya katika tangi unalolihudumia, uliza habari zake kesho asubuhi kabla ya kufungua koki. Uliza kwa adabu, lakini usiache kuuliza mpaka uonyeshwe hati.